SULTANI BARGHASH NA MASHINI ZAKE



Katika somo la historia tunasikia sana jina la Tippo Tip, sababu alikaa hapa kwetu kwenye maporomoko na kuwa gavana. Lakini Tippo Tip naye alikuwa na mkubwa wake. Mkubwa huyo alikaa mbali sana, kule Unguja kwenye Bahari ya Hindi, na hapa kwetu hakufika hata siku moja. Jina lake ni Sayyid Barghash bin Said.

Wengi wanamjua kama mfalme wa Warabu wa pembe na watumwa, basi. Ni kweli, lakini si yote. Huyu ndiye aliyeleta gari la moshi la kwanza katika Afrika ya Mashariki. Ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mfereji, na stima zake mwenyewe, na mtambo wa kupiga vitabu, na taa za umeme. Alifanya hayo wakati Kisangani ilikuwa bado vijiji vya wavuvi Wagenya. Lakini alipokufa, karibu nchi yake yote ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine. Sasa je, imekuwaje mtu mwenye mashini nyingi namna hii apoteze nchi? Hebu tufuate maisha yake toka mwanzo.

1. Mtoto wa mfalme asiye na kiti

Barghash alizaliwa Unguja mwaka 1837. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Omani na Unguja pamoja, na ndiye aliyewalazimisha watu wa Unguja na Pemba kupanda karafuu nyingi. Mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Nyumba ya Sayyid Said ilikuwa na watoto wengi wa mama mbalimbali, na kila mmoja alitazama kiti cha baba yake.

Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alikufa baharini, akirudi kutoka Omani. Barghash alikuwa pamoja naye katika meli. Alikuwa kijana wa miaka 19 hivi. Meli ilipofika Unguja alijaribu kumzika baba yake usiku kwa siri na kuushika utawala kabla watu hawajaamka. Hakuweza. Kaka yake Majid akawa sultani.

Mwaka 1859 alijaribu mara ya pili. Safari hii dada zake walimsaidia. Mmoja wao, Salme, alikuwa amejifunza kuandika yeye peke yake kwa kujificha, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Kumbe kalamu yake ndiyo iliyoandika barua za wale waliofanya shauri. Barghash alitoroka mjini akajifungia na watu wake katika nyumba ya shamba moja. Majid aliomba msaada kwa Waingereza, na askari wa manowari yao wakaja. Vita vikaisha upesi. Barghash akatiwa melini na kupelekwa Bombay, kule Uhindi.

2. Aliyoyaona Bombay

Alikaa Bombay miaka miwili hivi. Waingereza walifikiri wamempa adhabu, kumbe walimpeleka shuleni bila kujua. Bombay ilikuwa na gari la moshi tangu mwaka 1853. Ilikuwa na viwanda vya pamba, gati kubwa, na stima zilizoingia na kutoka bila kungoja upepo. Mtu wa Unguja alizoea jahazi, na jahazi lasafiri kwa kufuata majira ya kaskazi na kusi. Ukikosa upepo wako unangoja miezi. Hapo Barghash aliona kwamba mwenye mashini hamngoji mtu wala upepo.

Aliporudishwa nyumbani alitulia. Majid alikufa mwezi wa Oktoba 1870, na Barghash akapata kiti alichokitaka miaka 14.

3. Kiti chenye miiba

Alikuta mji umetoka katika msiba. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu pale Unguja. Mji ulikuwa na visima vichafu, taka zilitupwa pwani, na maji ya kunywa yalikuwa ya shida.

Halafu, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa ilipiga kisiwa. Ilizamisha meli za sultani bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi sana. Kisiwa cha Pemba hakikuumia namna hiyo. Mkarafuu si muhogo: ukipanda leo utangoja miaka mingi kabla ya kuchuma.

Feza haijarudi bado, Waingereza wakaja na neno lingine. Walitaka afunge biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, maana matajiri wake waliishi kwa biashara hiyo. Walimwambia kwamba manowari zitazunguka kisiwa chake, hakuna chombo kitakachoingia wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na siku ya Noeli ya mwaka uleule wamisionari wa Kiingereza wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palepale pa soko. Kanisa hilo lingali limesimama.

Lakini tusidanganyane. Mkataba ulikataza kuuza na kusafirisha watu kwa bahari. Utumwa wenyewe uliendelea katika mashamba ya karafuu mpaka mwaka 1897, wakati Barghash alikuwa amekwisha kufa.

4. Safari ya Ulaya

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alipokelewa na Malkia Victoria, akatembezwa London na katika miji ya viwanda. Akarudi kwa njia ya Ufaransa na Misri. Wakubwa wa Uingereza walitaka aone nguvu zao, apate kuogopa. Yeye aliona nguvu zile, lakini neno alilorudi nalo nyumbani lilikuwa lingine: vitu hivi vinanunuliwa. Mwenye feza aweza kuwa navyo.

5. Kazi zake

Basi akaanza kununua. Nitataja zile kubwa tu.

Maji. Alijenga mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Maskini na tajiri waliteka bila kulipa. Sisi wa Kisangani ambao tunajua uzito wa bidoni kichwani asubuhi kabla ya shule, na robine inayokohoa hewa tupu, tunaweza kuelewa namna watu walivyofurahi.

Stima. Alinunua stima kadhaa za biashara, zikasafiri mpaka Bombay na Madagaska zikichukua mizigo na watu. Tena baada ya tufani aliagiza manowari moja Uingereza, ikaitwa Glasgow.

Gari la moshi. Kuanzia mwaka 1879 alilaza njia ya chuma kutoka mjini mpaka jumba lake la Chukwani, kama kilometa 11. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni Uingereza. Hapa kwetu njia ya chuma kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto mpaka Ubundu ilijengwa toka 1903 mpaka 1906. Barghash alitutangulia zaidi ya miaka 20.

Simu. Mwaka 1879 kompanyi ya Kiingereza ilileta waya chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea kusini. Habari ambayo zamani ilichukua majuma mengi sasa ilifika siku ileile.

Vitabu. Alinunua mtambo wa kupiga chapa, akapiga vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu. Na mwaka 1882 wa hesabu yetu alitoa sarafu zenye jina lake.

Jumba. Mwaka 1883 alimaliza Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu: jumba refu kuliko yote mjini, lenye nguzo za chuma na baraza pana. Baadaye likawaka taa za umeme. Mbele yake palisimama mnara wenye taa ya kuongoza meli. Watu wa bara waliofika na misafara walisimama pale midomo wazi.

6. Feza ilitoka wapi?

Hapa ndugu, ndipo hadithi inapofika kwetu. Sultani hakuwa na mgodi wa dhahabu. Feza yake ilitoka katika karafuu zilizochumwa na watumwa, na katika forodha, yaani kodi ya bidhaa zilizopita bandarini. Na bidhaa moja kubwa ilikuwa pembe za tembo.

Pembe hizo zilitoka wapi? Zilitoka Maniema, zilitoka Lualaba, zilitoka katika misitu yetu hii. Watu wa Tippo Tip na Warabu wengine walizipata kwa kununua, na mara nyingi kwa bunduki, kwa kuchoma vijiji na kukamata watu. Kisha zilibebwa mabegani toka Nyangwe na Kasongo mpaka Ujiji, toka Ujiji mpaka Tabora, toka Tabora mpaka Bagamoyo. Ni safari ya miezi mingi kwa miguu, na wengi walifia njiani. Pwani pembe ziliingia katika chombo, zikafika forodhani Unguja, zikalipiwa kodi.

Basi nguzo zile za chuma za Beit al-Ajaib, sehemu yake zimelipwa na babu zetu, ijapokuwa hakuna jina lao hata moja lililoandikwa juu yake. Tukimsifu Barghash kwa mfereji, hapana kusahau hilo. Na mfereji huo haukufika Kasongo.

7. Nchi inakwenda

Wakati Barghash alijenga mjini, Wazungu walitembea bara na makaratasi mfukoni. Mwisho wa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani, akiwatilisha machifu sahihi ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Mwezi wa Februari 1885 mfalme wa Ujerumani alizikubali. Barghash alipeleka neno Berlin kwa simu ile ya chini ya bahari, akakataa kwa nguvu, kwamba nchi hizo ni zake. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti: manowari 5 za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, mizinga ikiielekea mlango. Waingereza, ambao alifikiri ni rafiki zake, walimshauri akubali. Akakubali.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa mezani Ulaya bila yeye, wakapima. Walimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kilometa 16. Bara yote wakagawana wao.

Na Kisangani? Stanley aliacha kituo hapa mwezi wa Desemba 1883. Mwaka 1886 watu wa Warabu walipigana na kituo hicho, kikachomwa moto. Tippo Tip alikuwa njiani kwenda Unguja. Alipofika alikuta mkubwa wake si yule wa zamani. Barghash alimwonyesha wazi kwamba bara imemshinda, na kwamba hata pwani anaishika kwa shida. Mwezi wa Februari 1887 Stanley alikuja Unguja na shauri: Tippo Tip awe gavana wa maporomoko kwa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Barghash alimshauri akubali. Mwezi wa Juni Tippo Tip alifika hapa. Bendera nyekundu ya sultani ikaondoka, ile ya Dola la Kongo ikapanda. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyotoka mkono wa Unguja na kuingia mkono wa Bula Matari. Wenyeji wa hapa hakuna aliyewauliza.

8. Mwisho wake

Barghash alikuwa mgonjwa. Mwanzo wa mwaka 1888 alikwenda Omani kutafuta afya kwenye chemchemi za maji ya moto, lakini hakupata nafuu. Alirudi Unguja na kufa mwezi wa Machi, mara tu baada ya kufika. Alikuwa na miaka 51 hivi. Ndugu yake Khalifa alishika kiti, na mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Na mashini je? Njia ya chuma ya Chukwani iling'olewa, na kichwa chake kikawa chuma kikuukuu. Manowari Glasgow ilizamishwa na Waingereza wenyewe tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyochukua chini ya saa moja. Mnara wa taa ulivunjika siku hiyohiyo. Beit al-Ajaib ilisimama muda mrefu, ikawa ofisi, kisha nyumba ya makumbusho, mpaka sehemu yake ilipoanguka siku ya Noeli ya mwaka 2020 na kuua watu wawili. Lakini maji yalibaki. Watu wa Unguja waliendelea kuyanywa baada ya yeye kuzikwa, na kwa ajili ya maji hasa wanamkumbuka kwa wema.

9. Tujifunze nini?

Wengine watasema: alishindwa kwa sababu Wazungu walikuwa na mizinga. Ni kweli, na hapana haja ya kuficha. Manowari 5 ni manowari 5. Lakini tuangalie neno moja zaidi. Stima za Barghash zilikuwa na makapteni Wazungu. Jeshi lake jipya, tangu mwaka 1877, liliongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Waya wa simu ulikuwa wa kompanyi ya kigeni. Forodha iliendeshwa na matajiri wa Kihindi. Mashini zilikuwa zake, lakini akili ya mashini ilikuwa ya watu wengine. Siku aliyokufa, nani angetengeneza treni ile?

Tutazame Japani ya wakati uleule. Wajapani nao walileta treni yao ya kwanza mwaka 1872 kwa mafundi Waingereza. Lakini mwaka uliofuata walifungua shule kubwa ya ufundi. Mwaka 1880 mafundi wa Kijapani walijenga wenyewe njia ya chuma toka Kyoto mpaka Otsu, pamoja na kutoboa mlima. Miaka 8 tu! China ilipeleka vijana 120 kusoma Marekani kuanzia mwaka 1872. Wakubwa waliogopa wakawarudisha mwaka 1881 kabla wengi hawajamaliza. Lakini mmoja aliyekuwa amemaliza, jina lake Zhan Tianyou, alikuja kujenga njia ya chuma toka Beijing mpaka Zhangjiakou, katika milima mikali, toka 1905 mpaka 1909, bila kuongozwa na fundi wa kigeni. Mtoto aliyepelekwa shuleni akiwa mdogo alitoa matunda nchi ikiwa na shida.

Sisemi kwamba shule ya ufundi ingezuia manowari za Ujerumani. Lakini reli isingeng'olewa kama uchafu, sababu pangekuwa na watu wanaojua thamani yake na namna ya kuitumia.

Nasi wa Kisangani tumeona stima zilizooza kwenye gati, na treni ya Ubundu iliyosimama miaka. Kila mara twasema: feza haiko. Pengine ni kweli. Barghash alikuwa na feza. Kilichomkosa ni fundi wa nyumbani, na raia wa bara ambao wangeona faida ya kazi zake badala ya kuona moto wa bunduki tu.

Basi wewe unayelalamika kwamba hesabu ni ngumu na fizika haifai kitu, fikiri kidogo juu ya kichwa kile cha treni pale Chukwani, kimesimama, maji yamo, kuni zimo, na mwenye kujua kukiwasha amepanda meli kurudi kwao.